Wiki ambayo maji yalikataa

Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2016, siku moja tu baada ya sherehe za ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro, mashua ya Waserbia wawili ilipinduka katikati ya mbio. Milos Vasic na Nenad Bedik hawakuwa wageni wa maji. Walikuwa miongoni mwa wapiga makasia wanaoheshimika duniani, na waliingia katika ziwa la Lagoa Rodrigo de Freitas wakitarajiwa kufika mbali. Lakini upepo wa siku ile ulikuwa umelivuruga ziwa zima, mawimbi mafupi yakipiga ubavuni mwa vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya maji yaliyotulia. Mashua yao ikalala upande, na wanaume wawili waliojiandaa kwa miaka minne wakajikuta wanaogelea mbele ya kamera za dunia nzima.

Siku hiyohiyo Kim Brennan wa Australia, aliyepewa nafasi kubwa ya kutwaa dhahabu katika mashua ya mtu mmoja, alimaliza wa tatu kwenye mchujo wake, chombo chake kikiwa kimeingia maji mengi. Alinusurika chupuchupu kupelekwa kwenye mbio za nafasi ya pili, na wala hakushindwa kwa nguvu. Wimbi ndilo lililomshinda.

Kesho yake, Jumapili, hakuna aliyeshindana. Waandaaji waliutazama upepo, wakasubiri, kisha wakafuta mbio zote za siku. Mashindano yakaendelea Jumatatu na Jumanne. Jumatano ya tarehe 10, siku ambayo medali za kwanza za mchezo huo zilipangwa kutolewa, upepo ulirudi, safari hii ukiwa na mvua, na mbio zote zikaahirishwa tena. Katika siku tano za mwanzo, mbili zilikuwa zimemezwa na hali ya hewa.

Naiandika habari hii leo, miaka mingi baada ya Rio, kwa sababu kila msimu wa mvua unapoingia huku kwetu nasikia kauli ileile kwenye vilabu vya baiskeli, ufukweni na kando ya maziwa: mwanamichezo wa kweli haogopi mvua. Kauli hiyo inapendwa sana. Makocha huitamka kwa fahari, vijana huibeba kifua mbele. Nami naamini ni kauli ya hatari, na wiki ile ya Rio inaeleza kwa nini kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua, maana ndani yake palikuwa na maji na barabara, makasia na baiskeli, vyote chini ya wingu moja.

Tuanze na mashua yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tukisikia kupiga makasia tunaona mtumbwi wa mvuvi, chombo kipana chenye tumbo, kilichozoea kupigwa. Mashua ya mbio ya mtu mmoja ni kitu kingine kabisa. Ina urefu wa mita nane hivi, lakini upana wake pale inapogusa maji haufiki sentimita 30. Kanuni zinataka isipungue kilo 14, na mafundi hujitahidi isizidi hapo. Mtu mzima huibeba peke yake begani. Ukingo wake umeinuka kidogo sana juu ya maji, na mwanamichezo hukaa karibu usawa na uso wa ziwa, kwenye kiti kidogo chenye magurudumu kinachoteleza mbele na nyuma juu ya reli mbili. Anatazama alikotoka, mgongo wake ukiwa kule anakokwenda. Miguu yake imevalishwa viatu vilivyofungwa moja kwa moja kwenye mashua, na visigino vimetiwa kamba fupi ili mashua ikipinduka viatu vibaki na yeye atoke. Kwenye ncha ya mbele kuna kijipira cheupe, ambacho kazi yake ni kuzuia ile ncha isimtoboe mtu pakitokea mgongano.

Tazama vitu hivyo viwili, kamba ya visigino na kijipira cheupe. Hakuna hata kimoja kinachoongeza kasi. Vimewekwa na watu waliokwisha kuona ajali, wakakubaliana kwamba chombo hiki hakisamehe.

Chombo cha namna hiyo husimama wima kwa sababu ya makasia. Yale makasia mawili marefu yanayotanda kulia na kushoto ndiyo yanayokipa usawa, na mwanamichezo akiliachia moja tu, hata kwa sekunde, yumo majini. Sasa lete upepo. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Ukivuma kwa muda juu ya maji yaliyo wazi hujenga mawimbi, na kadiri unavyopata nafasi ndefu ya kuvuma bila kizuizi ndivyo mawimbi yanavyokua. Mpiga makasia anapotaka kulirudisha kasia nyuma hulipitisha juu kidogo tu ya uso wa maji. Wimbi likiinuka pale, kasia hunaswa, na nguvu yote ya mwili iliyokuwa ikisukuma mbele hugeuka kuwa nguvu ya kupindua.

Usalama ni sababu moja ya kusimamisha. Nyingine, ambayo watazamaji wengi huisahau, ni haki. Mashua sita husafiri mita 2,000 zikiwa kwenye njia sita zilizopangwa sambamba. Upepo ukija ubavuni, njia iliyo karibu na ufuko wenye miti au majengo hupata kivuli cha upepo, na ile ya mbali hupigwa wazi. Mwanamichezo wa njia ya sita anaweza kuwa bora kuliko wote na akashindwa kwa sababu ya mahali alipopangwa. Wasimamizi wa mchezo huo wana mamlaka ya kubadili njia, kusogeza saa, au kufuta siku nzima ili mshindi awe yule aliyestahili. Ndiyo maana siwahurumii sana wale waliolalamika Jumapili ile kwamba Olimpiki imelegea. Medali inayotolewa na upepo haina maana kwa aliyeipata wala kwa aliyeikosa.

Siku ile ya pili iliyofutwa, Jumatano, ndiyo inayonivutia zaidi. Wapiga makasia walipoambiwa wabaki vyumbani, upande mwingine wa jiji, huko Pontal na Grumari, waendesha baiskeli walikuwa wakipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kuanza mbio dhidi ya saa. Wanawake walitangulia asubuhi, mvua ikiwanyeshea, kwenye njia ya karibu kilomita 30 yenye vilima vikali na miteremko yenye kona. Ellen van Dijk wa Uholanzi, mmoja wa waliotegemewa, alitoka nje ya lami kwenye kona, akarudi barabarani, akamaliza wa nne. Kristin Armstrong wa Marekani, aliyekuwa akitimiza miaka 43 siku iliyofuata, alishinda dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mbio hizo, akimzidi Olga Zabelinskaya wa Urusi kwa takriban sekunde tano tu. Alipovuka mstari aliporomoka chini, damu ikimtoka puani.

Baadaye wanaume wakaingia, kilomita 54 na ushei. Fabian Cancellara wa Uswisi akatwaa dhahabu, Tom Dumoulin wa Uholanzi fedha, na shaba ikaenda kwa Chris Froome. Huyu wa tatu tunamjua. Amezaliwa Nairobi, na baiskeli alifundishwa na David Kinjah, yule mwendesha baiskeli mwenye rasta wa kule Kikuyu ambaye nyumba yake imekuwa chuo cha vijana wengi wa Kenya. Kabla hajaanza kuiwakilisha Uingereza, Froome alivaa jezi ya Kenya. Miteremko yenye utelezi hakuanza kukutana nayo Ulaya. Barabara za vilima vya Kikuyu wakati wa mvua ndefu zina udongo mwekundu ambao ukilowa humfunza mtu adabu ya kona mapema.

Kwa nini basi barabara iliruhusu na maji yakakataa, siku ileile, dhoruba ileile? Jibu ni kwamba barabara humwachia mtu nafasi ya kuchagua. Mwendesha baiskeli akiona kona imelowa anaweza kupunguza mwendo, na gharama yake ni sekunde chache. Anaweza kupunguza upepo kwenye matairi ili yashike lami zaidi. Anaweza kuacha gurudumu la nyuma lililozibwa lote na kufunga lenye spoki ili upepo wa ubavu upite. Mpiga makasia hana breki wala hana mwendo wa tahadhari, maana chombo chake kikipungua kasi ndipo kinapozidi kuyumba. Akishaondoka ufukweni, yuko mikononi mwa maji hadi atakaporudi.

Lakini nisimdanganye kijana wa baiskeli akadhani mvua ni rafiki yake. Aliyewahi kushika breki za rimu kwenye mvua anaijua ile sekunde ya hofu. Unaminya, na hakuna kinachotokea. Zile raba za breki kwanza zinafuta maji kwenye rimu, gurudumu linazunguka mara moja, mara mbili, ndipo breki inashika, na ikishika inashika kwa ghafla. Kwenye mteremko wa kasi ya kilomita 50 kwa saa, mizunguko hiyo miwili ni mita kadhaa za barabara, na kona haikusubiri. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa maji huinua mafuta na vumbi vilivyolala kwenye lami tangu kiangazi kabla hayajavisomba. Mistari myeupe ya barabarani, vifuniko vya chuma vya mitaro na reli za treni huteleza kuliko kitu chochote. Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: dimbwi. Dimbwi la barabara zetu halina kina kinachojulikana. Chini yake panaweza kuwa na lami nzima, panaweza kuwa na shimo la kumeza gurudumu zima.

Hata mabingwa wa baiskeli wamejifunza kusema basi. Cancellara huyohuyo aliyeshinda Rio alikuwa mwaka mmoja na nusu kabla, Februari 2015, miongoni mwa walioongoza mgomo wa waendesha baiskeli katika Tour of Oman. Siku ile dhoruba ya mchanga ililazimisha hatua ya mbio ihamishwe, kisha likaja joto kali lililoanza kupasua matairi kwenye miteremko. Waendeshaji wakasimama, wakajikinga jua chini ya daraja, wakakataa kuendelea, na hatua hiyo ikafutwa licha ya hasira za upande wa waandaaji. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Julai 2019, Tour de France yenyewe ilisimamishwa katikati ya hatua ya 19. Mvua ya mawe na maporomoko ya udongo vilikuwa vimeifunga barabara ya kuelekea Tignes, na wakubwa wa mbio wakaamua muda uchukuliwe juu ya mlima Iseran. Egan Bernal wa Kolombia, aliyekuwa ametangulia pale, akavaa jezi ya manjano na siku mbili baadaye akawa bingwa. Palikuwa na manung'uniko, lakini hakuna aliyekufa.

Turudi Rio, kwenye vyumba vya wapiga makasia waliokuwa wakingoja. Watu hudhani siku iliyofutwa ni mapumziko. Kwa mwanamichezo aliyeandaa mwili wake ufike kilele saa fulani ya siku fulani, ni mateso. Amekula kwa hesabu, amelala kwa hesabu, ameupasha mwili moto, kisha anaambiwa arudi akalale. Kesho yake anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafanya yote upya, na anaambiwa asubiri tena. Wale wa uzito mwepesi, waliokuwa wakishindana bado katika Olimpiki ile, walikuwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa hupimwa uzito kila siku ya mashindano. Siku ikisogea, njaa nayo inasogea.

Hapo ndipo kocha anapojulikana. Kocha mwenye hofu humjaza mwanamichezo mazoezi ya kufidia, kana kwamba siku iliyopotea ni deni. Kocha anayejua kazi yake anaelewa kwamba uwezo wa moyo na mapafu uliojengwa kwa miezi hauporomoki kwa siku mbili wala kwa wiki moja. Ndiyo maana wanamichezo hupunguziwa mazoezi makusudi kabla ya mashindano makubwa. Mwili ukipewa nafasi hutengeneza misuli iliyochoka na kujaza akiba ya nguvu. Kinachopungua haraka ni ule wepesi wa mkono na jicho, ile hisia ya maji, na hiyo hurudishwa kwa nusu saa ya mazoezi mepesi dhoruba ikiisha.

Kuna pia mashine. Ile ya kupigia makasia nchi kavu, yenye mnyororo na gurudumu la upepo, imeenea duniani tangu ndugu wawili Wamarekani wa jimbo la Vermont, Dick na Pete Dreissigacker, walipoanza kuiunda miaka ya mwanzo ya 1980. Ukiikalia unasikia gurudumu likivuma, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyokukatalia. Haifundishi usawa wala kusoma wimbi, na aliyeshinda kwenye mashine si lazima ashinde majini, lakini inalinda moyo na miguu. Na ukiikosa, ambavyo ndivyo ilivyo kwa vilabu vyetu vingi, basi kuna baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ndani ya chumba, gurudumu la nyuma likizunguka mahali pamoja.

Ndoa hii ya makasia na baiskeli haikutokea kwa bahati. Mtazamaji huona mikono ya mpiga makasia, lakini sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye miguu. Mtu hujisukuma kwa mapaja, mgongo ukafuata, mikono ikamalizia. Kwa hiyo makocha wa makasia wamewapeleka watu wao barabarani tangu zamani, hasa siku ambazo maji hayapandiki. Baadhi yao waligundua huko kipaji cha pili. Rebecca Romero wa Uingereza alipata fedha ya makasia Athens mwaka 2004, akahamia baiskeli, akatwaa dhahabu ndani ya uwanja wa baiskeli wa Beijing mwaka 2008. Hamish Bond wa New Zealand alikuwa pale Lagoa katika wiki ile iliyovurugika, na Alhamisi ya tarehe 11, siku moja baada ya dhoruba, yeye na Eric Murray wakatwaa dhahabu ya wawili. Kisha akaiacha mashua, akapanda baiskeli, akapata shaba ya mbio dhidi ya saa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018 kule Gold Coast, akarudi tena majini, na mwaka 2021 mjini Tokyo akavaa dhahabu ya mashua ya watu wanane. Mtu huyo miaka yake ya barabarani haikumpotezea makasia.

Na ile ratiba ya Rio iliyopanguliwa mara mbili? Ilimalizika siku ileile iliyopangwa, Jumamosi ya tarehe 13, medali zote 14 zikiwa zimetolewa. Kim Brennan, yule aliyekaribia kuzama siku ya kwanza, alishinda dhahabu. Katika mashua ya mtu mmoja upande wa wanaume, Mahe Drysdale wa New Zealand na Damir Martin wa Kroatia walivuka mstari kwa muda mmoja, dakika 6 na sekunde 41.34 kila mmoja, na picha ikampa Drysdale ushindi. Hebu fikiria mbio hizo zingefanyika Jumapili ile ya upepo. Nani angejua yupi kati yao alikuwa bora?

Tokyo walijifunza kutokana na hayo. Tufani Nepartak ilipotangazwa kukaribia Japani mwishoni mwa Julai 2021, ratiba ya makasia ilipanguliwa mapema kabla ya tone la kwanza, na fainali za kwanza zikaahirishwa hadi tarehe 28.

Huku kwetu hatupo mbali na mambo haya kama tunavyodhani. Katika Michezo ileile ya Tokyo, Kathleen Noble aliandika historia kama Mganda wa kwanza kupiga makasia kwenye Olimpiki, na wiki chache baadaye Asiya Sururu wa Mombasa, asiye na miguu tangu ajali ya treni ya utotoni, akaiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Paralimpiki. Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Vijana wa Mwanza na Shinyanga wamezoea kukimbiza baiskeli barabara ndefu za tambarare, na kando ya Ziwa Victoria mbio za mitumbwi hujaza watu ufukweni kuliko michezo mingi. Wanamichezo tunao, na maji na barabara tunazo.

Dhoruba nazo tunazo. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na tabia yake ni ya kipekee. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda na kuwa mawingu ya ngurumo yanayopasuka kati ya usiku wa manane na asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo mvuvi yuko kazini, na ndizo saa ambazo mpiga makasia hupenda kutoka kwa mazoezi. Pwani tuna kusi, inayoanza kushika kasi baada ya masika na kuyachafua maji ya nje ya miamba kwa miezi, hata wenye vyombo vidogo wakatafuta hori na mikono ya bahari iliyojificha. Na mwanzoni mwa Mei 2024 tulipata Kimbunga Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na kule Kilwa maji yalikata barabara ya kusini, magari yakalala njiani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa, na mpangilio wake hauhitaji shahada kuuelewa. Kuna angalizo, kuna tahadhari, kuna tahadhari kubwa. Manahodha wanaufuata kwa sababu wakikaidi hawapewi ruhusa ya kutoka bandarini. Klabu ya baiskeli au kikundi cha makasia hakina wa kukizuia. Taarifa inasomwa redioni, na vijana wanatoka.

Na hata palipo na mashindano rasmi, mara nyingi hakuna mtu mwenye kauli ya mwisho juu ya hali ya hewa. Nimeona jinsi inavyokuwa. Wingu limeinuka, limekuwa jeusi kwa chini, upepo wa baridi unaotangulia mvua umeanza kurusha vikombe vya plastiki mezani, na kila aliyewahi kuishi karibu na maji anajua dakika zimebaki chache. Lakini mgeni rasmi amekwisha kuketi. Mdhamini ametandaza mabango yake. Mitumbwi imepangwa. Wazee wa ufukweni wanatikisa vichwa, wanaambizana pembeni kwa sauti ya chini, na hakuna mwenye kipaza sauti anayewauliza. Mwamuzi anajua kuhesabu washindi, ila hajakabidhiwa mamlaka ya kusema leo hatutoki.

Rwanda wameonyesha kwamba kusimamisha mashindano kunawezekana. Machi 2025, hatua ya mwisho ya Tour du Rwanda ilipoangukiwa na mvua kubwa mjini Kigali, jiji la vilima na miteremko ya kila upande, hatua hiyo ilifutwa. Umati ulikuwa barabarani, viongozi walikuwepo, televisheni zilikuwa zikirusha. Fabien Doubey wa Ufaransa akatangazwa bingwa kwa muda aliokuwa ameshaupata. Miezi sita baadaye dunia nzima ya baiskeli ilikuja katika jiji hilohilo, bila kulilaumu kwa uamuzi ule.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vyama vya baiskeli na makasia vya Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa kila mlezi wa klabu ya mtaani anayesoma ukurasa huu. Teueni mtu mmoja kabla ya kila mashindano na kabla ya kila zoezi la pamoja. Awe mvuvi mzoefu, awe nahodha mstaafu, awe mwalimu anayejua kusoma taarifa ya hali ya hewa. Mpeni filimbi na mamlaka ya kusimamisha, hata mgeni rasmi akiwa ameshasimama kufungua hotuba. Akisikia ngurumo, wote watoke majini, na wasirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kila mtumbwi wa mazoezi uwe na koti la kuokolea kwa kila aliyemo, na boti moja ya kufuata nyuma. Mvua ikianza barabarani, kundi lisimame chini ya paa hadi lami ioshwe. Ratiba ya mashindano iwe na siku ya akiba iliyoandikwa tangu mwanzo, na mdhamini ajulishwe siku hiyo wakati wa kutia saini.

Na wewe kijana unayeutaka ubingwa, ukiamka ukakuta upepo umegeuka na anga limefunga, fanya mazoezi ya ndani, kula, lala. Kim Brennan alipoteza siku mbili katika wiki moja ya Olimpiki na akarudi Australia na dhahabu.